Mama Musawo, skani imeonyesha mfupa umeota ndani ya paji langu, nikate ama niache?

Salamu Mama Musawo. Mimi ni dereva wa treila, niko na miaka 36, nakaa Malaba upande huu wa Uganda, mke mmoja na watoto watatu, kazi yangu ni kutoa mzigo hapa bodani mpaka Kampala na mara nyingine naendelea nao mpaka Elegu, kule bodani ya Sudan Kusini. Nakuandikia kwa sababu nyumbani amani imeisha, kila mtu ako na jibu yake na mimi ndio niko na kichwa.

Iko hivi. Kichwa inaniuma tangu miaka minne sasa, inabana kama mtu amenivalisha kofia ndogo, kichwa yote mpaka kisogoni na shingo, sana sana jioni nikiwa nimeshinda kwa usukani. Na pua pia inaziba, leo kushoto kesho kulia, nikifika kule Elegu kwa ile vumbi napiga chafya mpaka tanboi wangu, yule utingo, anacheka. Kila nikienda duka la dawa wananiambia ni sainasi, nimemeza antibaiotiki hata sijui mara ngapi. Kitu inanisaidia ni Panadol, mbili asubuhi mbili jioni, na ikizidi naongeza diclo, siku bila kidonge mimi sikumbuki iko aje. Na safari ya usiku si unajua, lazima mairungi (miraa) kidogo macho yasifunge.

Sasa mwezi wa pili nilikuwa kwa boda natoka Tororo, mvua ilikuwa imenyesha, tukateleza nikaanguka na kichwa, mwenye boda anasema nilipotea kama dakika mbili. Wakanipeleka, wakanipiga CT skani ya kichwa. Damu hakuna, ubongo sawa, tukashukuru Mungu. Lakini huko chini kabisa kwa ripoti wakaandika mstari mmoja, ati ndani ya chumba cha hewa cha paji, upande wa kushoto, kuna uvimbe wa mfupa wa milimita 14, mweupe, kingo zake safi, inafanana na osteoma. Dokta aliyeniona siku hiyo akasema hiyo achana nayo, rudi baada ya mwaka tuangalie.

Mimi sikulala. Nikaenda kliniki moja ya binafsi, dokta wa huko akashika ile filamu kwa dirisha dakika tano akasema hii lazima itoke haraka kabla haijaingia kwa ubongo, watanipasua paji, milioni 9, nusu nitangulize. Mke wangu ameshapata mtu wa kununua ploti yetu. Mama yangu anasema mfupa kuota ndani ya mtu sio kitu ya bure, akanipeleka kwa mganga wa miti shamba akanipa unga wa kuvuta, nimevuta mara mbili pua ikawaka moto na damu ikatoka nikaacha. Kaka yangu mkubwa yeye anasema hii ni kansa tu, kwa maana baba yetu alikufa na kansa ya utumbo, alipatikana nayo akiwa na miaka 41, kwa hiyo ni ile ile imepanda kichwani. Na dereva mwenzangu wa Busia anasema niombe kupigwa mionzi, ati inayeyusha bila kisu.

Jicho langu liko sawa, naona vizuri, paji halijavimba. Mama, huyu anasema kata huyu anasema acha. Mimi nishike ya nani?

Dereva, Malaba

*

Mwanangu dereva, pole kwa ajali na pole kwa kelele za nyumbani.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliisoma kama wewe, macho yote kwa huo mfupa. Mara ya tatu ndio nikaona kuna vitu viwili umeviangusha njiani kama mtu anayepita haraka, na hivyo viwili vimenisumbua kuliko milimita 14 zako. Nitavifikia. Mimi si daktari wa upasuaji, nilikuwa sista wa thieta, miaka mingi kwenye chumba cha masikio, pua na koo, nimeshika mrija wa kunyonya damu mpaka mkono ukafa ganzi, so nakwambia nilichoona na nilichofundishwa na wakubwa zangu pale, ila kuguswa na kupimwa lazima uguswe na mtu aliye mbele yako.

Jibu la haraka kwa sababu najua mke wako anasubiri: ploti msiuze. Angalau si kwa picha hiyo mliyo nayo.

Osteoma ni mfupa umeota juu ya mfupa, basi. Sio kansa na haigeuki kuwa kansa. Kwa kila watu 100 wanaopigwa CT ya sainasi, yaani vile vyumba vya hewa vinavyozunguka pua, mpaka 3 hivi wanakutwa nayo, na wengi wao hawakuwa wanajua, kama wewe tu, wameenda kwa kitu kingine ndio wakaikuta. Inapenda sana chumba cha paji hicho hicho chako, halafu vile vyumba vidogo vya katikati ya macho. Inakua polepole mno, milimita moja au mbili kwa mwaka, zingine zinakaa tu miaka bila kusogea. Sasa piga hesabu mwenyewe, kitu cha mwendo huo "haraka kabla haijaingia kwa ubongo" inatoka wapi? Kuna watu inawasumbua kweli, nitakuambia, lakini haraka ya wiki hii ama wiki ijayo kwa mtu ambaye jicho liko sawa na paji liko sawa, hapana.

Chanzo chake wakubwa wanabishana, wengine wanasema ni mabaki ya namna mifupa ya uso ilivyoungana tumboni mwa mama, wengine wanasema kuumia, wengine maambukizi ya muda mrefu. Ajali ya boda haikuileta, ilikuwepo kabla. Na mama yako mwambie kwa heshima kwamba kitu kinachopatikana kwa watu 3 kati ya 100 hakihitaji mtu wa kukitupia. Ule unga usirudie. Ngozi ya ndani ya pua ni nyororo kuliko ya mdomo, unaichoma bure na mfupa uko huko juu hata harufu ya huo unga hauisikii.

Sasa picha. Hapa ndipo nilipokasirika kidogo. Wewe ulipigwa CT ya kichwa, ya mtu aliyeanguka, wanatafuta damu kwenye ubongo. Picha ya namna hiyo mara nyingi wanaikata vipande vinene, na inatosha kabisa kwa kazi ile. Lakini kuamua kama mtu apasuliwe paji unataka CT ya sainasi, vipande vyembamba vya milimita moja au chini yake, halafu unaviangalia kutoka mbele, kutoka pembeni na kutoka juu. Kwa nini? Kwa sababu kile chumba cha paji kina mfereji wake mwembamba unaoshuka mpaka ndani ya pua, kamasi inatengenezwa kule juu kila siku na inashukia hapo. Osteoma ya milimita 14 ikiwa imekaa kona ya juu mbali na mfereji, inaweza kuzeeka na wewe. Ya milimita 6 ikikaa mdomoni mwa mfereji, inaziba, kamasi inajaa, chumba kinafura kama puto, ukuta wa mfupa unaliwa polepole, na jicho linaanza kusukumwa nje na chini. Kwa hiyo swali ni imekaa wapi na imeziba nini. Filamu ya dirishani dakika tano haiwezi kukujibu hilo, hata ikishikwa na profesa.

CT hiyo hiyo ya sainasi ndiyo inasaidia pia kujua kama kweli ni osteoma, maana ina ndugu zake wawili wanaofanana nayo kwa jina la mtaani, "mfupa umeota", lakini tabia tofauti kabisa. Osteoma kwa picha ni nyeupe pe, kama chaki. Ndugu wa pili anaitwa faibrasi displasia, huyo hana mpaka, mfupa wenyewe unabadilika unakuwa kama kioo cha dirisha la bafuni, kile cha ukungu, unaona mwanga lakini huoni mtu. Huyo anaanza utotoni na mara nyingi anatulia mtoto akishabalehe, so wengi wanaangaliwa tu mpaka atulie, isipokuwa amebana mshipa wa fahamu wa jicho au ameharibu sura. Wa tatu ni osifaingi faibroma, ana ganda la mfupa pembeni kama yai na katikati ni mchanganyiko, huyo ndiye mkorofi, anasukuma kila kitu na ukiacha kipande anarudi, kwa hiyo yeye akithibitishwa wanamtoa wote. Kwa osteoma kawaida hawahitaji hata kukata kinyama cha kupima, picha inatosha, ila wakiwa na shaka kati ya hao wengine wawili ndio wanachukua.

Na rafiki yako wa Busia mwambie mionzi aiache huko huko. Osteoma ni mfupa mgumu, haiyeyushwi na mionzi, na yule wa kioo cha bafuni ndiye hatari zaidi, kumpiga mionzi kunaongeza nafasi ya kugeuka kansa kweli. Kama kuna mtu alimsikia amepona kwa mionzi, labda huyo alikuwa na ugonjwa mwingine kabisa, sisi tunapenda kugawana dawa kama tunavyogawana rolex, ile chapati ya mayai.

Twende kwa kichwa chako sasa, hiki ni kitu cha kwanza kati ya vile viwili.

Umeandika mwenyewe: kinabana kama kofia, kichwa chote, mpaka kisogoni na shingo, jioni baada ya usukani. Osteoma yako iko juu ya jicho la kushoto. Kama ingekuwa ndiyo inauma, ningetegemea uniambie Mama inauma hapa, juu ya nyusi ya kushoto, ninaweza kuweka kidole. Wewe unaniambia shingo. Halafu unameza Panadol nne kila siku kwa miaka, na diclo juu yake. Mwanangu, vidonge vya maumivu vikizidi siku 15 kwa mwezi, kwa miezi mitatu na kuendelea, vyenyewe vinaanza kuleta maumivu ya kichwa. Ndiyo. Unameza asubuhi kwa sababu kichwa kinauma na kinauma kwa sababu jana ulimeza. Nimeona walimu, nimeona masista wenzangu, wote wamenaswa humo, na wote walikuwa wanasema "nina sainasi". Uganda hii kila mtu ana sainasi, mpaka nikajiuliza kama kuna mtu aliyezaliwa bila.

Ongeza mairungi, usingizi wa kuibia kwa kabini, maji hunywi kwa sababu hutaki kusimama njiani, na diclo inayopandisha presha na kuchuna tumbo. Presha yako umepima lini? Hukuandika, so nadhani hujapima. Pima wiki hii, ni ya bei ndogo kuliko kila kitu kwenye barua yako. Kuacha hivyo vidonge, ongea na daktari au ofisa wa kliniki akusimamie, siku za kwanza kichwa kitazidi, kitakufanya uamini mfupa unakua, wiki ya kwanza ndiyo mbaya zaidi halafu kinaanza kulegea. Usiipange wiki hiyo ukiwa na safari ya Elegu.

Na pua yako: leo kushoto kesho kulia, chafya, vumbi. Mfupa hauhami upande. Pua ya kila mtu inabadilishana zamu, upande mmoja unafura kidogo mwingine unafunguka, baada ya masaa inageuka, na mwenye aleji anaisikia zaidi. Hiyo inatibiwa kwa dawa ya kupuliza puani ya kila siku, ile ya steroidi, na kusafisha kwa maji ya chumvi, nusu kijiko cha chai kwenye kikombe cha maji yaliyochemka yakapoa. Antibaiotiki za dukani acha, umezimeza miaka minne hazijakufanyia kitu.

Unaona nilipofika? Ukilipa milioni 9 wakakupasua wakaitoa vizuri kabisa, wiki ya nne kichwa kitakuuma vilevile na ploti haipo.

Lakini sitaki pia usome hapa uondoke unasema Mama Musawo amenikataza oparesheni, hapana. Ikiwa CT ya sainasi inaonyesha mfereji umezibwa, au imejaza zaidi ya nusu ya chumba, au kamasi imejaa nyuma yake, au ukirudia picha baada ya mwaka imeongezeka waziwazi, hapo kutoa ni sawa na mimi ningekushika mkono tukaenda. Na kuna dalili ambazo hutakiwi kuzisubirisha mwaka wala wiki: jicho kutokeza au kuona vitu viwili viwili (hapo usukani unauacha siku hiyo hiyo, usinibishie), maji maangavu ya chumvichumvi yanayotiririka tundu moja ukiinama, maana hayo yanaweza kuwa maji ya ubongo na wewe ulishaanguka na kichwa, homa na shingo kukakamaa, uvimbe laini wa moto kwenye paji, au kifafa ambacho hukuwa nacho.

Oparesheni yenyewe nikuambie ilivyo, kwa sababu huyo alikutajia bei hakukutajia njia. Kuna kupitia puani, wanaingiza kamera nyembamba, milimita 4 tu, unalala nusu kaputi, nje hakuna kovu hata moja. Kazi ngumu ni kwamba osteoma haitoki puani nzima, ni sawa na kutoa kabati kwa dirisha. So wanatumia drili ndogo yenye kichwa cha almasi, wanaichimba katikati mpaka inabaki ganda kama yai lililonyonywa, halafu wanalivunja ganda lenyewe wanalitoa vipande. Kuna aina wanayoiita pembe ya ndovu, na jina linaifaa, nimewahi kusimama masaa namwagia drili maji isichome nyama na ile kitu inatoa unga kidogo kidogo tu kama mtu anasaga mawe. Ikiwa njia ya kushuka ni nyembamba wanaweza kuunganisha vyumba vyote viwili vya paji kuwa na mlango mmoja mkubwa, mtindo huo una jina la Mjerumani, Wolfgang Draf, aliyeuandika mwaka 1991, ukisikia daktari anasema "Draf tatu" ndiyo hiyo.

Njia ya nje inabaki kwa zile kubwa sana, au zilizokaa pembeni mbali, kupita ule mstari unaosimama katikati ya mboni ya jicho, huko kamera ya puani inafika kwa shida. Hapo hawakati paji katikati kama wengi wanavyoogopa, wanapasua nyuma ya nywele kutoka sikio mpaka sikio, wanashusha ngozi, wanafungua mfupa kama mlango, wanatoa, wanarudisha mlango. Au kwa nyusi, kwa ndogo. Sasa wewe mwenye milimita 14, kabla mtu hajakuambia paji, muulize: kwa nini si puani? Akiwa na sababu nzuri atakuonyesha kwa picha, kwa kidole. Muulize pia amefanya ngapi za namna hii, na kama maji ya ubongo yakivuja atayazibaje. Daktari mzuri hakasiriki kwa hayo maswali, mimi nimefanya kazi nao, wanayapenda.

Hatari zipo kila njia: kuvuja maji ya ubongo, damu, jicho kuguswa, harufu kupungua, paji kufa ganzi kwa ile ya nje, na mfereji kujifunga tena kwa kovu, hii ya mwisho ndiyo inarudisha watu. Baada ya hapo wiki kadhaa hupengi kamasi, ukipiga chafya unafungua mdomo, hubebi kizito, unasafisha kwa maji ya chumvi kila siku. Dereva anayebadilisha tairi za treila mwenyewe lazima ajipange.

Pa kwenda: Mulago kuna idara ya masikio, pua na koo, Mbarara pia, anza na barua ya rufaa kutoka hospitali yako ya huko. Beba ripoti, filamu na sidii ya ile skani ya kwanza. Hivyo ni mali yako, kama vimebaki kliniki vifuate, maana mwaka ujao bila picha ya kwanza hakuna wa kukuambia kama imekua.

Kitu cha pili sasa.

Kaka yako amekosea, kansa ya utumbo haipandi kichwani ikawa osteoma. Lakini katika nyumba yenu yote yeye peke yake ndiye aliyegusa jambo kubwa, hata kama hakujua. Kuna ugonjwa wa kurithi unaitwa Gardner. Mwenye nao anaota osteoma, mara nyingi zaidi ya moja, sana kwenye taya na mifupa ya kichwa, anaweza kuwa na vivimbe vya ngozi na meno ya ziada, na ndani ya utumbo mpana anajaa vinundu vingi sana ambavyo visipotolewa vinageuka kansa akiwa bado kijana, mara nyingi kabla ya kuzeeka kama mimi. Mzazi akiwa nao, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu. Sisemi unao. Osteoma moja peke yake kwa watu wengi haina uhusiano wowote na huo. Ila osteoma moja pamoja na baba aliyepatikana na kansa ya utumbo akiwa na 41, hiyo sista yeyote aliyefundishwa ataweka kalamu chini.

Kwa hiyo fanya hivi leo jioni: pitisha vidole kwenye taya lako chini na pembeni, na kwenye fuvu, kama kuna kinundu kigumu kisichosogea. Muulize dokta wa meno kama una jino la ziada. Na hata ukikuta uko safi kabisa, hata osteoma isingekuwepo, mtoto wa mtu aliyepata kansa ya utumbo mapema anatakiwa aangaliwe utumbo kwa kamera akifika 40, au miaka 10 kabla ya umri wa mzazi alipogunduliwa, ile inayotangulia. Toa 10 kwenye 41. Wewe ulipaswa kuangaliwa ukiwa na 31, una 36. Kaka yako mkubwa amechelewa zaidi yako, na ndugu wengine kama mnao.

Hilo liambie daktari wa kwanza utakayekutana naye, kabla ya habari ya pua, kwa sababu ukianza na pua mtamalizia hapo. Na ukienda Kampala kiti cha tanboi mpe kaka yako.

Mama Musawo